Kutu Kwenye Mshono wa Mjomba

Saa nne mjomba wangu alikuwa afukuzwe kazi, na ripoti ya kumfukuza niliiandika mimi.

Kiwandani kwetu tunatengeneza sufuria zisizoshika kutu. Mjomba huchomelea mishikio, mimi hupima ubora wa bati linaloingia na wa mishono. Kwa miezi miwili wateja wamekuwa wakizirudisha, zina mstari wa kutu kandokando ya mshono. "Uchomeleaji mbovu," niliandika. Sheria ni msumeno, nilijiambia, nikajiona hakimu hasa.

Kabla ya kikao nikatoa vipande viwili nilivyokuwa nikivichemsha tangu jana kwenye asidi inayofichua udhaifu wa mshono, viwe ushahidi wangu. Vyote vilichomelewa na mjomba, siku moja, moto mmoja, ila kimoja ni cha bati la zamani, kingine cha bati jipya lililoingia miezi mitatu iliyopita. Nilitarajia vyote vivunjike. Nikakikunja cha zamani kwa koleo, kikapinda, basi. Nikakikunja kipya. Kak! Kikakatika pembeni mwa mshono kama muhogo mkavu.

Mkono ni ule ule, basi kasoro ni ya bati. Kromi ndiyo inayolinda chuma chetu na kutu. Bati likichomelewa, kaboni iliyomo huila kromi hiyo, isipokuwa kama ndani yake yamo pia madini kidogo ya titani ya kuikamata kaboni mapema. Nikalipima bati jipya. Titani: sifuri! Nikafungua faili la kupokelea mzigo. "Limepimwa, lina titani." Sahihi yangu. Siku ile nilikuwa na haraka, sikupima hata kipande.

Nikakichukua kipande kilichovunjika, nikakimbia hadi ofisini. Mjomba alikuwa amesimama mbele ya meneja, kofia mkononi.

"Ni kweli, bosi," alikuwa akisema. "Mkono umezeeka. Kosa ni langu."

"Mjomba, unasema nini? Si mkono wako, ni bati!"

Hakushtuka hata kidogo.

"Najua ni bati," akaninong'oneza. "Miaka ishirini na sita nachomelea, nitashindwa kulijua bati? Nikauliza stoo nani kalipokea. Mwanangu, mimi nimebakiza mwaka mmoja. Wewe ndio kwanza unaanza. Rudi kazini."

"Mnanong'ona nini?" meneja akauliza.

Nikaweka kipande kilichovunjika mezani kwake.

"Bati nililipokea mimi," nikasema, "na sikulipima."

"Mbishi kama mama yako," mjomba akasema, na machozi yakamtoka.