Uzito wa Mheshimiwa

Rubani Bwire alikuwa amefika ghorofa ya tatu na mitungi yake miwili ya maji, bado ghorofa tatu afike kwake, Muhonja alipofungua mlango akamzibia ngazi. Kulikuwa kunapambazuka. Maji ya mtaa wa Huruma hayapandi yenyewe, na mgongo wa mtu aliyesomea urubani huuma kama mgongo wowote. Bwire alikuwa na kaptula na fulana iliyotoboka kwapani. Shati lake jeupe, lenye mistari miwili begani, lilikuwa limetundikwa juu ya kitanda na kufunikwa kwa leso. Shati lile lilitunzwa kuliko mwenyewe.

"Kapteni," Muhonja alimwita. Jengo zima lilimwita hivyo. Zamani walicheka wakisema. Sasa utani ulikuwa umezeeka. "Leo ndiyo leo?"

"Leo, Mama Mitchelle. Saa sita tunampakia mumeo ndegeni. Jioni atakuwa hapa."

"Amenipigia. Anasema mguu unanuka."

Bwire akaiweka mitungi chini.

"Si kunuka kwa viatu," Muhonja alisema. "Wenzake wamemtoa hemani, analala nje."

"Nimeshamwandikisha. Kiti ni chake."

"Umemwandika kama nani?"

"Kama kaka yangu."

Muhonja alimtazama, kisha akacheka kwa pua. "Basi mimi ni shemeji yako. Shemeji aachiwe mtungi mmoja."

Akamwachia.

Nalianya, mume wa Muhonja, alikuwa kibarua wa kuchimba visima vya maji huko kaskazini, siku mbili kwa lori kutoka Nairobi. Bomba la chuma lilimwangukia mguu. Mwenye kandarasi alimpa vidonge vya maumivu na ruhusa ya kwenda nyumbani, usafiri alisahau. Ndipo Bwire akakumbuka kwamba kampuni yao ya ndege humruhusu kila mfanyakazi kumpandisha ndugu mmoja kwa mwaka, bila nauli. Ndugu wa damu. Ndege ikiwa na nafasi.

Yeye mwenyewe alikuwa mwaka wa pili wa kujifunza kazi. Kazi yenyewe alikuwa ameshaijua. Kilichobaki kujifunza ni kungoja. Barua ya ajira ilikuwa njiani, na njia ilipita mezani kwa Kapteni Wathome, ambaye Bwire alikaa kando yake angani kila wiki na kumshikia kikombe cha chai.

Uwanja wa ndege wa kule kaskazini ulikuwa njia moja ya lami iliyomenyeka, kibanda cha mabati, na mizani ya kupimia magunia. Karani wa mizani, Kyule, alimpima kila msafiri pamoja na mzigo wake, akaandika jina na kilo kwenye kipande cha katoni na kumvisha shingoni kwa uzi. Wazee walipanda mizani, wanawake wakapanda, padri akapanda na Biblia yake. Hakuna aliyenung'unika. Saa sita za huko hewa hupata moto ikawa nyepesi, haibebi ndege vizuri, na jeti ya viti thelathini na saba, hata ikiitwa ndogo, hutaka njia ndefu kuliko iliyopo. Mwisho wa njia kuna korongo. Ndani ya korongo limebaki bawa la ndege ya zamani. Wenyeji wameligeuza paa la zizi la mbuzi.

Nalianya aliletwa ndani ya blanketi, wenzake wawili wameshika pembe. Wakamkalisha juu ya mizani, mguu uliofungwa vitambaa umenyooka mbele.

"Hamsini na nane," Kyule alisema, akamvisha kadi.

"Kaka," Nalianya alimwita Bwire, akamkonyeza. Midomo ilikuwa imepasuka. "Sasa mama yetu anaitwa nani? Nisije nikaulizwa."

"Asenath."

"Mama yetu Asenath. Salamu zake nimezipata."

Bwire alimbeba mwenyewe hadi kiti cha nyuma kabisa, akamfunga mkanda.

Kisha yakaja magari sita.

Mheshimiwa alikuwa amekuja asubuhi kuzindua kisima. Alikata utepe, akanywa funda moja mbele ya kamera, akaifuta midomo. Bomba la kisima hicho ndilo lililomwangukia Nalianya, lakini hilo halikuwa kwenye hotuba. Wananchi walimshukuru kwa mbuzi wanane. Watu wake waliokata tiketi walikuwa sita. Waliokuja walikuwa kumi na mmoja pamoja naye, kwa kuwa kila mtu mkubwa ana mtu wa kumshikia simu, na mwenye simu ana wa kumshikia mwavuli.

Kyule alisimama kando ya mizani akaonyesha kwa mkono.

"Mkubwa hapimwi," alisema mwenye mwavuli.

Kyule akamgeukia Kapteni Wathome.

"Andika sabini," Wathome alisema.

"Nani?"

"Wote."

"Na yeye?"

"Kwani yeye si mtu? Sabini."

Mheshimiwa alipita akitafuna njugu. Ngazi ya ndege ililia chini ya miguu yake, ikalala kidogo upande, ikanyooka alipokwisha kuingia.

"Na mbuzi, Kapteni?"

"Mbuzi pima."

Mbuzi walipimwa mmoja mmoja, kwa uaminifu, hata yule mdogo, wakaanza kuvishwa kadi.

Bwire aliketi kwenye chumba cha marubani na karatasi ya mzigo, akajumlisha. Akajumlisha tena. Hata kwa hizo sabini za uongo, uzito ulizidi. Zile za kweli hakuthubutu kuzijumlisha kwa kalamu, alizijumlisha tumboni.

"Umezidi, Kapteni."

"Punguza."

"Tuache mbuzi wawili. Wataletwa na lori."

Wathome alimgeukia taratibu, kama mtu anayetazama nzi aliyeongea. "Shukrani ya wananchi ije na lori? Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mheshimiwa, kwenye kiti cha kwanza, alikuwa ameshika pua.

"Kuna kitu kimeoza humu," alisema. "Nani huyo?"

Mwenye simu akainuka, akafuata harufu hadi nyuma. "Ni huyu wa mguu, Mheshimiwa."

Wathome alichukua orodha ya wasafiri, akapitisha kidole. "Hapa pameandikwa ni kaka yake Bwire." Akainua macho. "Huyo ni kaka yako?"

Vichwa vyote viligeuka. Kule nyuma, Nalianya aliinua mkono kidogo, akitabasamu na meno yake yote, kadi ikining'inia kifuani.

"Rubani wetu ana kaka kama huyo?" Mheshimiwa aliuliza, na watu wake kumi wakacheka kabla hajamaliza.

Bwire alinyoosha kola ya shati. Asubuhi alikuwa ameipiga pasi mara mbili.

"Ni jirani tu," alisema.

"Jirani?"

"Wa Huruma. Anakaa ghorofa tatu chini yangu."

Kicheko kikakoma. Wathome alikunja orodha kwa upole. "Basi kiti cha ndugu si chake. Na wewe umeandika uongo kwenye karatasi ya kampuni, Bwire. Watu hufutwa kwa hilo." Aliguna. "Mteremshe mwenyewe. Hilo lingine nitalisahau."

Bwire alimfungua mkanda, akapitisha mikono chini ya mapaja yake. Nalianya alikuwa mwepesi. Kilichokuwa kizito ni macho ya wasafiri wengine, ambayo hata hivyo yaligeukia madirisha upesi. Padri alifungua Biblia.

"Wiki ijayo kuna ndege nyingine," Bwire alimwambia kwenye ngazi.

Nalianya alilazwa kivulini kwenye ukuta wa mabati. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Bwire angependa iwepo.

"Kwa hiyo mama yetu Asenath ameshakufa," alisema.

Kyule alikuja, akainama, akaukata uzi wa shingoni mwake kwa kisu kidogo. "Hii naichukua, kaka. Kadi zimeniishia."

Bwire alitia sahihi karatasi ya mzigo kwenye goti.

Jeti ilikimbia hadi lami ikaisha na kokoto zikaanza kupiga tumbo lake. Wathome alivuta usukani. Korongo lilipita chini karibu mno, Bwire akaona kutu ya lile bawa la zamani, akaona mbuzi chini yake wakiinua vichwa.

"Unaona?" Wathome alisema walipokwisha kutulia angani. "Ilitosha. Nipe chai."

Nairobi, mbuzi waliteremshwa kwanza. Mheshimiwa alikuwa ameridhika, na mtu wa namna yake akiridhika lazima aonekane. "Rubani mdogo naye apewe mmoja," alisema. "Kijana ana adabu."

"Barua yako nitaiangalia," Wathome aliongeza, akimpiga Bwire begani, pale kwenye mistari.

Bwire alifika Huruma jua likiwa linaelekea kuzama, nyuma ya bodaboda, mbuzi amelazwa mapajani. Shati lilikuwa limepata madoa ya kijani. Chini ya ngazi palikuwa na mkokoteni, juu yake godoro, juu ya godoro shuka safi. Vijana wanne wa jengo walikuwa wamekunja mikono ya mashati, tayari kumsukuma mgonjwa moja kwa moja hospitalini. Muhonja alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

"Niaje, Kapteni," mmoja alisema. "Msee yuko wapi? Anakuja na gari?"

Bwire alimteremsha mbuzi. Alikuwa ametunga maneno njia nzima, na yote yalikuwa mazuri. "Ndege ilijaa, Mama Mitchelle. Ilizidi uzito. Ni sheria ya usalama, hata mimi..."

Muhonja hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama shingo ya mbuzi, ambako uzi ulikuwa umezama kwenye manyoya. Akaingiza kidole, akauvuta, kipande cha katoni kikatoka kwa nyuma. Alikisoma taratibu, midomo ikicheza. Akakisoma tena kwa sauti, mpaka waliokuwa kwenye roshani za juu wakasikia.

"Nalianya. Kilo hamsini na nane."

Chini yake, kwa kalamu nyingine, palikuwa pameandikwa: mbuzi.

Vijana walimwangalia Bwire. Bwire akaiangalia mitungi mitupu iliyopangwa kando ya bomba.

"Aliondoka hapa na sabini na moja," Muhonja alisema. "Siku anaondoka alijipima pale kona, kwa yule mzee wa mizani. Akaniambia nisiogope, ana akiba ya mwili."

Kamba ilimponyoka Bwire. Mbuzi aliruka juu ya mkokoteni, akainusa shuka, akazunguka mara mbili. Kisha akakunja miguu yake, yote minne mizima, akalala.

"Mama," kijana mmoja aliuliza polepole, "tusukume?"