Mto Uliopita Nje ya Ubao

Chaki ilipofika ukingo wa ubao, Mwalimu Tajudini hakusimama. Alipiga goti, akavuka fremu ya mbao, akaendelea kuchora ukutani. Nje, nyundo za mafundi wa Buyenzi zilikuwa zinapungua, mtu fulani alikuwa anakaanga sambusa, na muda wa amri ya kutotoka nje ulikuwa unakaribia. Mstari mweupe ulishuka taratibu hadi ukagota kwenye benchi la Gélase.

"Sogea," Mwalimu alimwambia.

Gélase hakusogea.

Mimi ndiye niliyeuleta mto ule darasani. Nalisema mapema, asije mwingine akalaumiwa.

Ulikuwa mwaka wa 1997, Burundi ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili niliyebanwa kwenye benchi la watoto. Shule ya jioni iliwekwa Buyenzi kwa sababu ya Buyenzi yenyewe. Bujumbura ilikuwa imegawanyika, kila mtaa na watu wake, lakini Waswahili wa Buyenzi walikataa kuchagua nani wa kumfukuza. Mtu wa upande wowote aliweza kuja na daftari lake akarudi na kichwa chake. Hata hivyo, humo darasani, bila kuambiwa na yeyote, sisi tulikaa dirishani na wale wakakaa mlangoni.

Nilikwenda kusoma kwa sababu ya Biblia. Siku tulipofukuzwa mtaani kwetu Cibitoke, vijana waliojaa uani kwetu walikuwa na neno moja tu: "Rudini kwenu Misri!" Cherehani yangu ilibaki kule. Mume wangu Aloys, aliyerudi kuichukua, alibaki nayo.

Kila Mrundi anajua neno lile lilikotoka. Wazungu wa zamani waliandika kwamba baadhi yetu tulikuja kutoka Misri na ng'ombe wetu, tukawakuta wengine hapa. Likaingia shuleni limevaa tai, likatoka likaenda kukaa kwenye vilabu vya pombe, mwishowe likashika panga.

Tangu siku ile sikuweza kukisoma kitabu cha Kutoka. Zamani nilivuka bahari pamoja na Musa, nikiimba. Sasa kila nilipofungua ukurasa ule nilijikuta nyuma, kati ya magari ya Farao, na maji yananirudia. Alfajiri nilipiga magoti, rozari mkononi, nikamuuliza Mungu: mimi umeniweka ng'ambo gani? Hakunijibu. Nikaona labda anataka nikaulize darasani.

Tulianza na Babeli. Niliipenda Babeli, na sheria zake zilizochongwa katika jiwe, na minara yake ya matofali ya udongo, udongo uleule tunaoukanyaga sisi. Niliwahurumia hata miungu yao, waliohitaji kulishwa kila asubuhi kama wagonjwa. Kisha tukafika Misri, na Mwalimu hakumaliza hata kuandika kichwa cha somo.

"Misri tunaijua," Gélase alisema kutoka mlangoni. Alikuwa dereva wa lori, mtu mpana, na kaka yake aliuawa katika mtaa wa watu wa upande wetu. "Inaikala pale dirishani," akatunyoshea kidole sisi tuliokaa upande huo.

Valéry, kijana fundi wa magari aliyekaa nyuma yangu, alikuwa ameshasimama. "Sema tena."

"We hukusikia? Enda uulize Farao wako."

Mabenchi yalilia sakafuni. Mwalimu Tajudini aliruka katikati, mikono ameipanua, kitabu bado kimo mkononi. "Anayetaka kupiga aanze na mimi!" Hakuna aliyeanza naye. Alipowakalisha, alikifunga kitabu.

"Kesho tunasoma Roma," alisema. "Misri tunairuka."

Sala yangu jioni ile ilikuwa ya hasira. Nilimwambia Mungu: hata Wewe, Mwanao alipotafutwa auawe, ulimpeleka Misri, na wakampokea. Mimi hata kusikia habari zake ninakatazwa?

Kesho yake Mwalimu alikuwa amekwisha kujaza sehemu kubwa ya ubao na wafalme wa Roma niliposimama.

"Mwalimu, mi siruki Misri."

"Mama Bonfils," alinijibu kwa upole. Bonfils ni mwanangu wa kwanza, na pale wote waliniita hivyo. "Ikala, tafadhali. Hawa batauana humu."

"Apana, siikale. Mi balinifukuza na hilo neno. Nataka unionyeshe kule balikonituma. Nitarudije kwetu na sijui njia?"

Mtu alicheka, kisha akaona haya.

"Huyu mama ni wazimu," Gélase alisema.

"Wazimu ni we. Jana ulisema unaijua Misri. Ikala basi, tuone kama unaijua."

Mwalimu alinitazama. Akamtazama Gélase. Kisha akachukua kipande chake cha chaki, kidogo kama punje ya hindi, maana vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimeifanya chaki kuwa adimu kama petroli.

"Bismillahi," alisema, na katika upande wa kulia wa ubao, uliobaki mtupu karibu na mlango, akachora bahari.

Alituonyesha mto mmoja ulioingia baharini, na jangwa pande zote mbili. Alituonyesha makaburi ya wafalme, na mungu wa jua aliyesafiri kwa mashua chini ya dunia hadi apambazuke. Alishuka hadi Kushi, ambako wafalme weusi waliufuata mto wakaenda kuitawala Misri yote. "Balitoka kusini," alisema, "bakaenda kaskazini." Mto ukazidi kushuka. Ubao ukaisha.

Hapo ndipo tulipokuwa: Mwalimu amepiga goti, mstari umegota, Gélase hasogei. Na chaki nayo ilikuwa imekwisha, umebaki unga vidoleni.

Nilitoka dirishani. Nilipita katikati ya chumba, mahali ambapo sisi wa dirishani hatukupita, nikamwekea Mwalimu mkononi chaki yangu ya kukatia nguo, ya buluu.

"Endelea, Mwalimu. Mi sijafika."

Aliendelea kusema akiwa bado chini. "Huu mto unatoka katika ziwa Nyanza. Lakini Nyanza nayo inalishwa. Kagera inaingia hapa. Na ndani ya Kagera kuna maji ya Ruvubu. Na Ruvubu..."

"Ruvyironza," Gélase alisema.

Sote tuligeuka.

"Ruvyironza inaingia Ruvubu," alisema, kama mtu anayetajiwa jina la mama yake mahali asipotarajia. "Inatoka kwetu, Rutovu. Kuna piramidi ndogo kule juu ya kilima, muzungu mumoja aliijenga pale mto unaanzia. Tulikuwa tunaipanda na mbuzi zetu."

"Eh!" Valéry alipiga makofi. "Basi we ni Mmisri kutushinda sisi wote! Rudi kwenu, Gélase! Fuata maji tu, hautapotea!"

Nilisali Salamu Maria moja bila kufungua midomo. Gélase alimkodolea Valéry macho. Kisha aliutazama mstari uliokuwa unangoja kwenye mguu wa benchi lake.

"Ni mbali," alisema. "Na petroli hakuna."

Aliyeanza kucheka alikuwa Mwalimu, palepale alipopiga goti. Gélase aliinuka akalivuta benchi. Mlangoni hapakuwa na nafasi nyingine, kwa hiyo alilisogeza hadi katikati ya chumba, akakaa. Mstari wa buluu ukashuka hadi karibu na sakafu, na Mwalimu akautia nukta.

"Pale," Gélase alisema baadaye, akiitazama nukta ile, "hata mutoto anauvuka kwa muguu mumoja. Hauna ng'ambo."

Vita viliendelea miaka mingi baada ya hapo. Valéry hakuuona mwisho wake. Mimi nilikirudia kitabu cha Kutoka, na ninakisoma hadi leo, polepole, nikiwaombea waliovuka na waliozama.

Lakini asubuhi baada ya jioni ile ya mto, mkuu wa shule aliuona ukuta wake, akaagiza darasa la jioni lifute mchoro wote kabla ya somo. Nilifika na ndoo na kitambaa. Gélase alikuwa ametangulia, mikono ya shati ameikunja.

Tuliufuta ubao, ukuta tukauacha.