Benchi Lililorefushwa

...na miguu ndiyo iliyotangulia kutoka, maana mashine ya Fundi huchapa bango kuanzia chini, kichwa chake kinakwenda kushoto kinarudi kulia, kinakoroma, turubai linasogea kidogo, na yeye, mwenye mchoro, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mtoto amemlalia kifuani, anaitazama ile miguu na kujiambia hapana, ni mwanga tu, ni macho yake ambayo hayajapata usingizi tangu mtoto aanze kuota meno, kwani miguu hiyo anaijua, aliichora mwenyewe kwa kidole kwenye simu, mguu mmoja baada ya mwingine, na ule wa mwisho, wa yule mama mnene, kisigino chake kilikuwa kimechomoka kwenye kandambili, kimeinuka, kimekakamaa, na hiki kinachotoka sasa kimetulia ndani ya kiatu kizuri cha ngozi kama cha mtu anayekwenda kwenye harusi... na Fundi, amempa mgongo, anapaza sauti kuishinda mashine, anasema unaona rangi hizo shemeji, zinaita, mtu akiwa ng'ambo ya barabara zinamwita, na yeye anaitikia ee, naona, kwa sababu ndivyo anavyoitikia, na ndani kitu kinaanza kuchemka polepole, kama sufuria iliyofunikwa.

Fundi anamwita shemeji kwa vile amekua pamoja na baba mtoto, na ni mtu mwema, hilo hawezi kulikataa hata akiwa na hasira kiasi gani, alipoingia tu alimpa kigoda chake mwenyewe, akageuza feni isimpulizie mtoto, hakuambiwa, aliona, na vitu vidogo vya namna hiyo yeye huviweka moyoni, lakini mtu huyohuyo aliyeona feni ndiye aliyemweleza, huku akitabasamu, kwamba picha aliyomtumia ilikuwa na ukungu, alipoivuta ikue ikawa kama kitu kinachoonekana kupitia maji ya sabuni, basi akaitia kwenye akili bandia iliyo kwenye kompyuta yake, akaiambia isafishe, na dakika haikuisha, shemeji, dakika haikuisha ikawa imeichora upya yote, tena bure, hili ni langu kwako, na yeye alijibu nini, alijibu asante, asante sana Fundi, kabla hajaona kitu, asante ilimtoka yenyewe kama chafya... kisha ukweli ni kwamba kosa la mwanzo ni lake, aliituma kama picha ya kawaida, kama mtu anavyomtumia dada yake picha ya jino la mtoto, na simu ikiwa hivyo huibana picha mpaka inakonda, alitakiwa kuituma kama faili, anajua, kila anayechora kwenye simu anajua, ila mtoto alikuwa analia na mkono mmoja ulikuwa umemshika, akabonyeza palipo karibu, lakini si angempigia tu, si angesema shemeji tuma tena, ni neno gumu hilo? Ile ya kweli imo humu kwenye simu mfukoni, nzima, na tabaka zake zote, kuta peke yake, watu peke yao, vivuli peke yake, haijapotea hata ukucha...

Turubai likasogea. Sasa linatoka benchi, na benchi ni refu. Alilipima kwa macho, akarudia, benchi limerefushwa, limepita pale lilipokatikia, na yule mama mnene amekaa juu yake katikati, amejaa, ameenea, na pembeni yake pamebaki nafasi ya mtu mzima na mkoba wake... ee Mungu wangu. Kwenye mchoro wake hapakuwa na nafasi. Ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Yule mama alikaa nusu, tako moja kwenye mbao na jingine hewani, mguu wa nje ameukaza chini kama nguzo asianguke, kisigino kimetoka kwenye kandambili kwa kujikaza, kwa sababu siku ile kliniki ilijaa mpaka mlangoni na yeye aliyekuja kuichora alikuwa amesimama na tumbo lake, la huyuhuyu anayemkoromea sasa kifuani, miguu imevimba hata kidole kikibonyeza kinaacha shimo, akiona aibu kuomba, na wote wakitazama kuta, isipokuwa huyo mmoja, mtu asiyemjua, aliyemtazama miguu, akaitazama tena, halafu bila neno wala kujifanya anatenda wema akajisukuma pembeni, akapigapiga mbao kwa kiganja, pa, pa, kaa. Yule mama akakaa vile asubuhi yote. Alikuwa na mtoto wake mgonjwa mgongoni na bado alikaa vile. Na jina la huyu mwenye tumbo lilipoitwa akanyanyuka haraka asipoteze zamu, akasema nikitoka nitamshukuru, na alipotoka benchi lilikuwa na watu wengine.

Basi mchoro ni ile shukrani. Hakumwambia mtu hivyo, hata baba mtoto, ambaye humtania kwamba anasugua simu kama mtu anayejitoa matongotongo, ingawa humpokea mtoto kila akiona kidole kimeshika kazi, lakini ndivyo ilivyokuwa, mtoto akinyonya ziwa la kushoto kidole cha kulia kinachora, akimaliza kinapumzika, na kisigino kile peke yake alikifuta na kukirudia mpaka kioo kikawa na mafuta, kwani kisigino kikilegea tu, mwanamke yule anakuwa mtu aliyekaa, basi, kama wengine. Na Sista wa kliniki, aliyemwomba kitu cha kuweka ukutani, alisema anataka akina mama wa kweli wanaosubiri, si hawa wa kwenye kalenda wanaocheka na sindano, na alipoonyeshwa kwenye simu aliisogeza karibu na miwani, kisha akaweka kidole palepale penye kisigino, akasema, "Huyu amempisha mwenzake." Aliona. Mtu mwenye foleni ya watoto wanaolia mbele yake aliona, na ile akili ya kwenye kompyuta, mashine yenye macho ya dunia nzima, haikuona, au iliona ikafikiri ni kosa, iliambiwa safisha ikasafisha, kwake mtu aliyekaa vibaya kwa ajili ya mwenzake ni mchoro uliokosewa, ikamvalisha viatu, ikakilaza kisigino, ikaongeza mbao, wote sasa wamekaa raha mustarehe na hakuna aliyempa mwenzake chochote... na Fundi anasema kitu kuhusu meno, ngoja uone meno yakitoka, meupe kama maziwa, wewe unajitesa bure na kidole chako shemeji, ungeniletea wazo tu, wazo tu, mimi nikaiambia, tukanywa soda tukiisubiri.

Wazo tu! Wazo gani, wazo ni la nani, kile kisigino kingetokea kwenye wazo la nani, na pale chini kabisa, kwenye ukingo uliotoka kwanza kabla hajajua kuogopa, limeandikwa jina lake kwa herufi kubwa za chapa, kwa sababu mashine ililivuruga jina alilolitia kwa mkono likawa kama nyayo za kuku, na Fundi kwa wema wake akalipiga upya, kubwa, ili watu wakujue shemeji, ndiyo, wamjue, wapite pale wamjue kwa uongo, na siku moja, kwa nini isiwe siku moja, yule mama atakuja na mtoto mwingine mgongoni, ataketi, atainua macho ukutani, na badala ya kujiona mwenyewe akiwa amejikaza kwa ajili ya mtu asiyemjua, ataona wanawake wanaocheka kwenye benchi refu, atageuza uso, na hatajua kamwe kwamba kuna mtu aliiona ile asubuhi yake. Hilo ndilo linalomchoma, si mashine, mashine iende zake, wala si Fundi, ni kwamba atakuwa amenyamaza mara ya pili.

Lakini akisema sasa, turubai limekwenda, wino umekwenda, jasho la mtu, na mtu aliyempa kigoda, naye ataonekana nani, mwanamke asiye na shukrani, Fundi, mtoto wa watu, kamsifia kwa baba mtoto kwamba ni hodari wa kuchora, na yeye anamharibia kazi, afadhali alee hasira yake mpaka nyumbani, aimwage kwenye vyombo... amekwisha kumwaga nyingi kwenye vyombo. Na wema wa Fundi ni wema, ndiyo, ila alimpa bila kutazama anachohitaji, yule mwingine alitazama miguu kwanza, akatazama tena, ndipo akasogea, na labda Fundi naye akionyeshwa atatazama, labda hakuna aliyewahi kumwambia tazama hapa. Na wino huu utalipwa hata kwa kidole, atamchorea kibao cha duka, atajua la kufanya. Turubai likasogea, viuno vikatoka, mikono iliyotulia mapajani isiyoshika chochote, na mtoto akashusha pumzi ndefu kifuani mwake, usingizi ambao ameutafuta tangu alfajiri.

"Fundi, simamisha. Hiyo siyo."

Fundi hakusikia. Kichwa cha mashine kilikwenda kushoto kikarudi kulia, naye alikuwa bado amempa mgongo, anapiga mluzi, na yeye juu ya kigoda akaweka kiganja juu ya sikio la mtoto, akavuta pumzi kutoka chini kabisa, na safari hii hakuipunguza sauti.