Waya Mkononi mwa Hawah

Magharibi Hawah alipofika, Lado alikuwa akiziba tundu la mpira wa baiskeli na chai ilikuwa bado haijachemka. Mkewe akavua viatu mlangoni, kama alivyozoea kabla ya kufa, akakaa kwenye mkeka na kushika ukindu wake.

"Sukari iko?"

"Sukari iko kwa wakubwa. Kunywa hivyo hivyo."

Hawah alifia hospitalini Arua, juu ya meza ya upasuaji, jioni ile jenereta ya hospitali ilipobebwa kwenda Koboko kuwasha arusi ya binti wa Meja. Lado hakuona ajabu kwamba anarudi. Kilichomkera ni kwamba mpaka leo hakuna mkubwa hata mmoja aliyefungua mdomo kumwambia pole.

Chumba cha uani alikuwa amempangisha Silvester, kijana wa kijiji cha Dadamu, ambaye huko chuo kikuu Kampala alikuwa akitafiti mawe fulani. Mawe yenyewe hayapitishi umeme vizuri kama shaba, wala hayaukatai kama kioo. Yako katikati, na ukiyapika sawasawa, umeme ukiingia hutoka mwanga. Walimu wake walipoikimbia nchi, maabara ikafungwa, naye akarudi na jiwe dogo kama punje ya mtama. Betri ya kulijaribu hakuwa nayo. Betri nazo zilikuwa kwa wakubwa.

Jioni hiyo nyaya zake zilikuwa zimelala juu ya mkeka. Hawah akazishika azisogeze. Jiwe likawaka, jekundu.

"Mama, usiachie," Silvester akasema.

"Na chai yangu?"

"Mzee atakunywesha."

Lado akamnywesha. Silvester akapima, akakuta umeme wenyewe ni kidogo ila haupungui. Kesho yake akamwita marehemu Obeti, jirani ambaye naye hurudi kwake jioni, akaliwasha. Waliofia hospitalini gizani wote waliliwasha. Waliofia nyumbani hawakuwasha kitu.

"Basi ushahidi umepatikana," Lado akasema. "Twende kwa Meja. Leo atasema pole, na jenereta atarudisha."

Wakapanda lori la tumbaku mpaka Koboko, Hawah katikati yao. Meja aliwapokea varandani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Hawah akashika waya. Meja akatazama.

"Afande, huyu bibi yangu," Lado akasema. "Alikufa sababu taa ilizimika. Jenereta iko hapa kwako."

"Jenereta nakunywa dizeli mingi sana," Meja akasema. "Huyu nakunywa nini?"

"Chai," akajibu Silvester, ambaye utafiti ulikuwa umemzoesha kutoficha kitu.

"Na sukari?"

"Bila sukari."

"Basi. Iko mzuri sana."

Hawah akabakizwa pale pale, na lori la jeshi likazunguka Arua nzima kukusanya marehemu wengine. Wakapangwa varandani, kila mmoja na waya zake. Silvester akapewa sare na chumba cha kupikia mawe. Siku hizi anapata hata ya kijani. Jenereta ikauzwa ng'ambo ya mpaka. Nesi Pasca alitumwa kutoka hospitali kuomba walau marehemu mmoja. Akaambiwa hospitali inao wake kila wiki, na wakipatikana wapelekwe Koboko.

Lado naye akaenda, akamkuta mkewe mwisho wa mstari, karibu na ngazi.

"Hawah, twende nyumbani."

"Sasa nikiachia, watanifanya nini? Watakufanya wewe."

Meja akatoka ndani akijifunga mkanda.

"Mzee, wewe tena? Nataka nini?"

"Afande, bibi mtakaa naye. Mimi nataka neno moja tu. Sema pole."

Meja akamwangalia Hawah, akamwangalia Lado. Ilionekana kweli kabisa hakuelewa.

"Pole ya nini? Si huyu hapa?"

Akaingia ndani kula. Lado akapanda ngazi, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mkewe. Kumbikumbi walikuwa wameanza kuufuata mwanga na kumtambalia Hawah usoni, na mikono yake haikuwa na nafasi. Lado akavua kofia, akaanza kumfukuzia.