Pole kwa Lipi?

Warsha ya kuponya jamii ilikwenda Jumamosi nane mfululizo katika ukumbi wa shule, na Bi Pindo hakukosa hata moja. Watu wakamsifu kwamba sasa ameamua kupona. Wapi! Alikuwa anakwenda kumkodolea macho Mwokaji.

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alibandikwa na wateja kwa sababu hapindi pindo mara moja: anapinda, anageuza, anapinda tena, na gauni likitoka mkononi mwake litachakaa lote pindo likiwa bado limekaa. Mwokaji alikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, mtu wa mikate, mpole, anayesalimia hadi watoto wasiojua kuitika. Walikuwa wakiazimana chumvi. Mtaa wao ulikuwa wa mchanganyiko: waliotoka milimani, waliotoka ziwani, waliovuka mpaka zamani na waliovuka juzi, kila nyumba na lugha yake ya ndani na Kiswahili cha nje. Kisha siku moja wengine wakaambiwa kwamba wenzao ndio wanaowamaliza, wakaamini, na nyumba zikachomwa.

Siku hiyo, saa nane mchana, chumba chake kikiwaka, Bi Pindo alimbeba mgongoni mama yake mwenye pumu akaenda kugonga mlango wa Mwokaji. Alipiga kwa kiganja, akapiga kwa ngumi, akajitaja kwa jina lake lote. Akasikia komeo linasukumwa. Halikufunguliwa, lilikazwa. Wakajibanza mtaroni nyuma ya nyumba hadi jioni, moshi ukiwafuata humo humo, na siku ya tatu mama akafa.

Mwokaji alisema hakuwepo. Alisema alikwenda kumwona mkwewe mgonjwa, akarudi mambo yameshatulia. Aliyasema kwa upole wake wa siku zote na mtaa ukamwamini, maana mtu mpole huaminiwa hata anapodanganya. Bi Pindo alisema alikuwepo. Tanuri lilikuwa linawaka. Alinusa mikate akiwa na mama mgongoni, na mikate haijioki yenyewe. Watu wakatikisa vichwa. Nyumba inaungua, walisema, mtu atanusaje mkate? Msiba umemchanganya, maskini. Hata Shangazi, dada wa baba yake aliyempa pa kulala, alimwomba aachane na hilo neno. Kwa miaka miwili Bi Pindo akawa mwongo wa mtaa, tena mwongo wa kuhurumiwa, jambo lililomkera kuliko kutukanwa. Hakutaka Mwokaji afungwe, wala hakutaka kulipwa. Alitaka aseme mbele ya watu kwamba alikuwemo ndani. Basi.

Mwezeshaji wa warsha alikuwa mama mmoja aliyetoka mbali, na alikuwa mtu mwema, hilo lisemwe mapema. Hakujua Kiswahili. Kila alichosema kilipitia kwa Mkalimani, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, uzi wenyewe alipewa na Bi Pindo. Walikaa kwenye viti kwa duara, watu ishirini na wanne, wakaambiwa wafumbe macho na kuvuta pumzi. Mzee mmoja wa milimani kila akifumba macho analala, wakawa wanamwacha kwa sababu alionekana ndiye anayepona haraka kuliko wote. Bi Pindo alivuta pumzi alipoambiwa avute, akaitoa alipoambiwa aitoe, ila macho hakufumba. Yalikuwa na kazi.

Jumamosi ya sita wakaambiwa waseme yaliyowapata. Bi Pindo alisema yake yote, mama, moshi, mtaro na mlango, ila mwenye mlango hakumtaja. Hakukuwa na haja. Watu walikuwa wameshaanza kutazama sakafu. Alipokaa, Mwokaji akasimama, mkono kifuani.

"Pole sana, jirani," alisema.

Wote wakamgeukia Bi Pindo. Pole ina jibu lake, na mtoto hulijua kabla hajajua kujifunga viatu: ukiambiwa pole unajibu nimeshapoa, na shughuli zinaendelea. Ukumbi mzima ulikuwa unaingoja hiyo nimeshapoa. Bi Pindo akakunja mikono, akanyamaza.

Huko pembeni Mkalimani alikuwa ameinama sikioni kwa Mwezeshaji, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Lugha ya yule mama haikuwa na pole. Ilikuwa na neno la kumwambia mtu nimekukosea, nisamehe, na kwa kuwa Mkalimani alikuwa ameshikwa na haraka, akachukua hilo lililokuwa karibu. Mwezeshaji akatokwa na machozi. Akaandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini.

Wiki iliyofuata ripoti ikasomwa, na ndani yake kuna mshiriki mmoja aliyeomba msamaha hadharani. Bi Pindo akauliza ni nani. Alipoambiwa, akasimama akamwambia Mkalimani, kwa sauti ya kutosha ukumbi wote, kwamba pole anapewa hata aliyejikwaa, na anayeitoa si yeye aliyeweka jiwe. Huyu bwana amempa pole kama anavyompa mwenye mafua. Amemwomba msamaha lini? Mkalimani akafuta miwani, akasema ni kweli maneno hayo hayalingani, lakini ripoti imeshatumwa. Mwokaji aliiacha ikae hivyo hivyo, maana ilimkaa vizuri.

Nyumbani Shangazi alimsubiri na methali.

"Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Tugange yajayo."

"Kama si ndwele, Shangazi, mbona wametuita tukaponywe?"

Shangazi akaenda kuosha vyombo ambavyo alikuwa ameshaviosha.

Sasa, wazo la kitambaa lilikuwa la Mwezeshaji, na hakujua anamkabidhi mkasi nani. Jumamosi hiyo ya saba aligawa vipande vya kitambaa cheupe, shibiri moja kila upande, na kalamu za wino usiofutika. Kila mtu aandike kwa lugha yake neno la kupona, kisha fundi wetu ataviunga viwe kitambaa kimoja, kitundikwe ukumbini siku ya kufunga mbele ya wageni. Wengine waliandika majina ya marehemu wao. Mzee wa milimani aliamka akachora mbuzi, akasema kwake yeye kupona ni kurudishiwa mbuzi wake, na kama kuna mtu ana neno zuri zaidi ya mbuzi alilete. Mwokaji aliandika POLE, herufi kubwa zilizonyooka, kama za kwenye masanduku yake ya mikate.

Bi Pindo alishona wiki nzima, mchana baada ya kumaliza kazi za wateja. Safu nne, vipande sita kila safu. Alikipiga pasi kila kimoja, hata cha mbuzi. Alipofika kwenye POLE, katikati ya safu ya pili, alikipiga pasi vizuri pande zote mbili, akakikunja, akakitia mfukoni. Kisha lile tundu lililobaki akalipinda kingo zake zote nne, akageuza, akapinda tena. Tundu la kusahau huwa na nyuzi zinazoning'inia, na yeye hakutaka mtu amsingizie usahaulifu. Shangazi aliliona, akaingiza mkono wake humo ukatokea upande wa pili.

"Utatuaibisha," alisema.

Bi Pindo akamjibu kwamba aibu ipo tangu zamani, yeye ameitafutia dirisha tu.

Siku ya kufunga, wageni walikuwa wengi na viti vilifunikwa vitambaa. Mgeni rasmi, mkuu wa shirika lililoandaa warsha, alitoka mbali kama Mwezeshaji na alikaa mbele kabisa. Kitambaa kilitundikwa dirishani. Mwanga ukapenya kwenye tundu ukaangukia sakafuni, mraba mweupe, mbele ya miguu ya watu. Mwezeshaji akamtuma Mkalimani aulize kama kuna kipande kimepotea.

"Hakijapotea," alisema Bi Pindo. "Ninacho. Maneno yake hayajaisha."

Akaombwa akishone haraka haraka hivyo hivyo, wageni wanangoja. Akasema hajawahi kutoa nguo nusu dukani kwake na hataanza leo. Shangazi akavuta mtandio hadi kwenye pua. Nyuma huko mtu alisikika akinong'ona kwamba bado hajawa sawa, na Bi Pindo akageuka kumtafuta ni nani. Alijua kabisa kwamba leo akishindwa atakuwa kichaa wa mtaa mpaka azikwe.

Mgeni rasmi akaona shughuli inazama, akasimama kuiokoa. Alisema, na Mkalimani akafasiri, kwamba yeye kilichomleta ni ile habari aliyoisoma kwenye ripoti, ya mtu aliyekuwa na ujasiri wa kumwomba jirani yake msamaha. Angependa kumwona. Watu wakapiga makofi, Mwezeshaji akamwonyesha Mwokaji kwa mkono, na Mwokaji akainuka taratibu huku anatafuta mahali pa kuweka mikono yake. Mgeni rasmi akampa mkono wa heshima, akamuuliza jambo. Mkalimani alilisikia, akalifasiri kwa sauti ya chini.

"Anauliza, uliomba msamaha kwa kosa gani?"

Mwokaji alisema yeye alisema pole tu.

"Kwa lipi?" Bi Pindo aliuliza kutoka kitini kwake. "Pole kwa safari ipo. Pole kwa kazi ipo. Yako ni kwa lipi?"

"Kwa msiba, jirani."

"Ya msiba ulinipa makaburini, nikakuitikia kwa heshima ya mama. Hii ya pili ni kwa lipi?"

Makofi yalikuwa yamekwisha. Mkalimani hakufasiri chochote, na hakuna aliyemwambia afasiri. Mwokaji alimtazama Mgeni rasmi ambaye bado alikuwa anamtabasamia, mkono wake bado umeshikwa, akisifiwa kwa kitu ambacho hakukifanya. Angeweza kukana msamaha mbele ya watu wote wale, au kulitaja kosa lenyewe. Njia ya tatu hakuiona. Akautoa mkono wake polepole. Alitazama tundu lile lililopindwa mara mbili.

"Kwa mlango," alisema.

Akaambiwa na mtu wa nyuma apaze sauti.

"Kwa mlango. Nilikuwemo ndani. Mikate ilikuwa tanurini. Nilisikia sauti yake nikaijua, na mama yake nikamsikia anakohoa. Nikaogopa kwamba nikiwafungulia tutachomwa wote. Nikakaza komeo."

Shangazi akauachia mtandio. Alianza kulia bila kujificha, akisema mikate, mikate, mtoto alisema mikate. Waliokuwa wanatikisa vichwa miaka miwili, sasa vichwa vyao vilitulia. Bi Pindo alikuwa amefikiri kwamba siku hiyo ikifika atapiga kelele ivunje madirisha, lakini alibaki kitini, akipapasa kile kipande mfukoni. Alikuwa na hasira, tena zaidi ya jana, kwa sababu ya kile kikohozi. Hakuwa anajua kwamba walisikika hadi kikohozi. Lakini hakuwa mwongo. Hilo yeye alilijua siku zote, na sasa lilikuwa la ukumbi mzima.

"Pole, jirani," alisema Mwokaji. Safari hii sauti ilikuwa imevunjika, na ilikuwa ya kweli, mtu yeyote mwenye masikio aliisikia. Watu wakamgeukia tena Bi Pindo, kama siku ile.

"Sijapoa," alisema.

Minong'ono ikaanza. Mama mmoja wa ziwani akasema kwa upole kwamba jamani, si ameshasema? Bi Pindo akamjibu kwamba ndiyo, amesema, na yeye amesikia. Lakini pasi haiambiwi imepoa. Inaachwa, na siku ikipoa mwenyewe ndiye atakayejua.

Akatoa kile kipande mfukoni, akakikunjua, akamtaka Mwezeshaji kalamu. Akampa Mwokaji amalizie. Mwokaji aliinama juu ya kiti, akaandika chini ya POLE yale maneno mawili, na kwa kuwa hakuwa ameacha nafasi, herufi za mwisho zikabanana zikapanda ukingoni: KWA MLANGO. Bi Pindo akaenda dirishani na sindano yake. Mgeni rasmi alikuwa na hotuba ya kurasa tatu mkononi; akaambiwa kwa ishara asubiri, akasubiri, akiwa amesimama.

Bi Pindo alikuwa kwenye upande wa pili wa kipande Mkalimani alipomfikia. Mwezeshaji anataka kujua aandike nini kwenye ripoti, alisema. Anauliza kama anaweza kuandika kwamba umemsamehe.

"Mwambie aandike alikuwepo."

"Hilo tu?"

"Kwanza afute lile la zamani."

Mkalimani akarudi, akainama sikioni, na safari hii alichukua muda kutafuta maneno. Mwezeshaji alifungua daftari, akatafuta ukurasa ule wenye mstari chini, akaukata. Bi Pindo alimtazama hadi alipomaliza. Kisha akageukia kitambaa, akapinda ukingo wa mwisho, akageuza, akapinda tena, na akakata uzi kwa meno.