Swali la Saba: Pengwini

1.
Mtihani wa Sayansi, Darasa la Tano. Swali la 7: Je, pengwini huhama? Wanaishi wapi?

Jibu la Edina Mligo, kwa penseli: *Wengine huhama. Wa Afrika Kusini hawahami, wanakaa ufukweni mwaka mzima. Baba aliwaona.*

Kalamu nyekundu: 0.

2.
Haya, tuseme ukweli. Mwalimu Salvina Mwalongo si mtu mbaya. Alijua tu, kama ulivyojua wewe msomaji (usijifanye), kwamba pengwini ni ndege wa barafu. Akalisoma jibu mbele ya darasa zima.

"Pengwini Afrika? Hapa Makete maji yanaganda ndooni, na hatujamwona hata mmoja! Baba yako alikudanganya, mama."

Darasa likaangua kicheko.

3.
Kipande hiki Mwalimu Salvina aliniomba nikifute. Nimekataa.

Naye

alicheka.

4.
Yaliyosikika bombani, wiki tatu mfululizo:

— Pengwini, kinga ndoo!

— Pengwini, baba yako yuko wapi, barafuni?

— Nyie, acheni! Baba yake si alishafariki?

5.
OFISI YA ELIMU KATA
YAH: MASAHIHISHO, SWALI LA 7

Baadhi ya pengwini huhama, baadhi hawahami. Wengi wanaishi kusini mwa dunia, zikiwemo pwani za Namibia na Afrika Kusini. Aliyejibu hivyo apewe alama zake kabla ya Ijumaa.

6.
Salvina aliisoma barua hiyo amesimama. Akakaa.

"Badilisha tu hiyo sifuri, madamu," akasema Mwalimu Mkuu, Bwana Sanga. "Nani ataona?"

Sifuri ikawa nne, kazi ya sekunde mbili. Lakini marehemu Mligo, baba yake Edina, mpishi wa meli? Salvina alikwenda msibani kwake, akasonga ugali kwa mikono yake, akamkumbatia Edina. Halafu akamwita marehemu mwongo mbele ya watoto arobaini na sita. Aibu ilimshika.

7.
Ijumaa, mstarini. Edina yuko nyuma kabisa, sweta kalivuta mpaka kidevuni. Mwalimu Salvina anasimama mbele.

"Watoto. Mwezi uliopita nilisema baba yake Edina alidanganya. Baba yake Edina..."

Bwana Sanga anakohoa, anatazama saa. Katikati ya mstari mtu ananong'ona, "Pengwini," na wawili watatu wanacheka.

Edina anainua uso.

"Malizia, mwalimu."