Chokaa ya Mashimoni

Mashimoni, pembezoni mwa mji wa Lindi, kila uwanja ulikuwa na shimo lake. Mdachi alichimba mawe mekundu hapo hadi vita vilipomfukuza; Mwingereza alipokuja akachungulia, akatikisa kichwa, akaenda zake kutoza kodi. Wachimbaji walibaki. Walijenga nyumba zao kwa kifusi cha machimbo, na vijiwe vilivyosahaulika humo vikawa vinametameta ukutani kila jua likielekea kuzama.

Abilahi, fundi cherehani, alizaliwa humo, na shukrani hakuwa nayo. Mjini akiulizwa anakaa wapi alijibu, "Huku juu kidogo," kana kwamba ni jirani wa Bwana DC. Sasa alikuwa amepeleka posa kwa kina Kazija, watu wa mjini tangu enzi na enzi, na shangazi wa binti, Bi Mwanaima, alikuwa aje kuitazama nyumba. Abilahi alimpenda Kazija mpaka akili zikamruka; vinginevyo asingeamka alfajiri kuupaka ukuta chokaa, ili nyumba ya mchimba mashimo ifanane na za waungwana.

Alipomaliza alirudi nyuma kidogo aione vizuri kazi yake. Ilipendeza. Akarudi tena kidogo, akatumbukia shimoni, ndoo ya chokaa ikamfuata kichwani. Shimo lenyewe alilijua tangu anatambaa. Hata mbuzi wa mtaani walikuwa wakilikwepa.

Bado alikuwa akijipapasa mbavu alipoona uso wa Bi Mwanaima pale juu ukingoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wageni unawapokelea huko?"

Abilahi alitamani ardhi immeze, akakumbuka kwamba imeshammeza.

"Na ule ukuta unaong'aa uko wapi?" aliuliza Bi Mwanaima. "Kazija kanituma niuone kwa karibu. Kila jioni anautazama kutoka barazani kwetu. Wachumba wengine kawakataa kwa ajili yake."

"Nimeupaka chokaa."

"Kwa nini, mwanangu?"

Aibu ilimshika Abilahi kuliko maumivu ya mbavu. "Niliogopa mtanicheka."

Bi Mwanaima alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga, akashindwa, akakaa kitako palepale ukingoni akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Haya, tumeshakucheka," alisema akijifuta. "Sasa toka humo ukauoshe kabla chokaa haijakauka. Jioni atakuwa barazani."